Tumbawe Lililoumia Huuguzwa Vipi? Kutoka Tangi la Nyumbani Hadi Miamba ya Wasini

Sisi watu wa mwambao tumekua tukilijua tumbawe kama jiwe. Nyumba za Lamu na za Mji wa Kale hapa Mombasa zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa yake ilichomwa kutokana na hayo hayo, na mafundi wa zamani walikata tumbawe bichi baharini likiwa bado laini, wakalichonga nakshi za mihrabu kabla halijakauka. Kwa hiyo ukimwambia mtu kwamba tumbawe limeumia na linahitaji kuuguzwa, atakutazama mara mbili.

Lakini tumbawe ni mnyama. Ule ugumu unaoushika ni mifupa tu. Juu yake kuna ngozi nyembamba, na katika ngozi hiyo wamo viumbe wadogo wengi walioungana, kila mmoja ana mdomo wake na mikono yake midogo ya kunasia chakula. Ndani ya ngozi hiyo hiyo huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho. Mwani huo hupokea mwanga wa jua na kumpa mwenyeji wake sukari, na hicho ndicho chakula kikubwa cha tumbawe. Rangi nyingi unazoziona ukizamia Kisite au Watamu zinatokana na mwani huo. Ukilielewa hili, mengine yote nitakayoyasema yatakuwa mepesi.

Nilifanya kazi Dubai kwa miaka tisa, na kazi yangu ilikuwa kuhudumia matangi ya maji ya chumvi katika nyumba za watu. Samaki walikuwa sehemu ndogo ya kazi hiyo. Kichwa kilituuma kwa matumbawe: limeanguka, limepauka, limeng'atwa, limeanza kubanduka ngozi. Nimerudi nyumbani, ila simu hazijakatika. Vijana wetu walioko Dubai, Maskati na Doha hupiga kuuliza, na hapa kwetu pia wapo wachache wanaotunza matangi ya mahoteli. Nimeona afadhali niyaandike mahali pamoja.

Kwanza jambo la sheria, kwa aliye Kenya. Usivunje tumbawe baharini ukalipeleka nyumbani. Ndani ya hifadhi za baharini kama Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968, hakuna ruhusa ya kutoa chochote. Na matumbawe magumu yote yamo katika Orodha ya Pili ya mkataba wa kimataifa wa CITES, maana yake hayavuki mpaka bila kibali. Kijana anayetaka kurudi Ghuba na kipande ndani ya sanduku la nguo ajue anachokibeba.

Sasa mgonjwa mwenyewe. Mtu akinipigia na kusema "tumbawe langu limekuwa jeupe", swali langu la kwanza ni moja: ngozi ipo au haipo? Weupe ni wa aina mbili, na watu huzichanganya kila siku. Aina ya kwanza ni kupauka. Tumbawe limewafukuza wale mwani wake kwa sababu ya joto au mwanga mkali, ngozi imebaki kama kioo, na mifupa myeupe inaonekana kwa ndani. Hilo bado liko hai, ila lina njaa. Aina ya pili ni ngozi kubanduka, mifupa ikabaki uchi. Sehemu hiyo imekufa, na baada ya siku chache itaota ukijani au rangi ya udongo.

Kujua ni ipi, subiri usiku. Zima taa za tangi, ngoja saa moja au mbili, kisha mulika kwa tochi hafifu kutoka pembeni. Ukiona mikono midogo imetoka, au ngozi inang'aa kwa ute, mgonjwa yupo. Ukiona vishimo vikavu vyenye kingo kali kama msasa, hapo hakuna mtu.

Angalia pia kasi. Ngozi inayorudi nyuma polepole, wiki hata wiki, kutoka chini kwenda juu, inakupa nafasi ya kufikiri. Lakini matumbawe ya matawi, hasa jamii ya Acropora, yanaweza kubandukwa na ngozi vipande vipande ndani ya saa chache, hata tawi zima likawa mifupa kabla ya asubuhi. Kwa hilo hakuna kusubiri wala dawa ya kutegemea. Kata matawi ambayo ugonjwa haujayafikia, ukate ndani ya sehemu nzima, mbali kidogo na mstari wa kidonda, kisha uyaweke mahali pengine. Utaokoa watoto, mama umemkosa.

Kabla ya kushika dawa yoyote, tafuta kilicholiumiza. Hapa ndipo wengi wanapokosana nami, kwa sababu mtu ameshanunua chupa tatu dukani na anataka nimwambie aanze na ipi. Tumbawe lina uwezo wake wa kujiponya. Ngozi hutambaa kutoka kwenye kingo za kidonda na kukifunika, hakuna chupa inayoifanya kazi hiyo. Kazi yako ni kuondoa kinachoizuia.

Pima joto. Tangi la matumbawe likae kwenye nyuzi 25 au 26 za Selsiasi, na lisipande na kushuka kila siku. Kwa Mombasa mwezi wa Machi hii ni shughuli. Nyumba isiyo na kiyoyozi itapandisha maji kupita 30 bila taabu. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji inaweza kushusha nyuzi mbili hivi, kwa kuwa maji yanapopaa huondoka na joto. Lakini kumbuka kinachopaa ni maji, chumvi inabaki. Ukijazia, jazia maji matamu yaliyochujwa, si ya chumvi, la sivyo baada ya wiki mbili utakuwa na brini. Uzito wa chumvi uwe kama wa bahari, gramu 35 hivi kwa kila kilo moja ya maji.

Pima pia alkaliniti, kalsiamu na magnesiamu, kwani hizo ndizo tumbawe hujengea mifupa. Alkaliniti ya digrii 8 au 9 inatosha, kalsiamu kati ya miligramu 400 na 450 kwa lita, magnesiamu karibu 1,300. Katika matangi niliyoyahudumia, alkaliniti iliyoyumba iliua matumbawe mengi zaidi kuliko alkaliniti ya chini. Mwenye tangi hupima, huona 6, hushtuka, na kwa jioni moja huipandisha hadi 10. Kesho yake ncha za matawi zimeungua. Ukiikuta 6, ipandishe nusu digrii kwa siku, si zaidi. Tumbawe huvumilia upungufu kuliko pupa.

Naitreti na fosfeti zina hadithi yake. Zikizidi, mwani wa nywele huota na kulifunika tumbawe. Lakini nimeona pia matangi masafi kupita kiasi, kila kipimo sufuri, na matumbawe yamepauka kwa njaa. Naitreti ya miligramu 2 hadi 10 kwa lita ni salama, na fosfeti kidogo tu, chini ya 0.1.

Kisha uliza yaliyotokea nyumbani. Je, samaki walitibiwa kwa dawa yenye shaba? Shaba humponya samaki na humuua tumbawe, pamoja na kamba na konokono wote. Je, kuna aliyepuliza dawa ya mbu chumbani? Je, stima ilipotea usiku, pampu zikalala? Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri haigharimu pesa nyingi, na imeokoa matangi mengi kuliko mashine za bei kubwa.

Usisahau majirani. Matumbawe hupigana. Galaxea na Euphyllia hutoa usiku mikono mirefu yenye sumu, wakamchoma aliye karibu, na asubuhi mikono imerudi ndani kana kwamba hawakutoka nyumbani. Ukiona kidonda upande mmoja tu, unaoelekea jirani, umeshampata mhalifu. Waachie nafasi ya sentimita 20 hivi. Na chunguza kwa kioo cha kukuzia kama kuna minyoo bapa au konokono wasio na gamba wanaokula ngozi. Huwa na rangi ile ile ya tumbawe wanalolila, na mayai yao hukaa kwenye mifupa iliyo uchi.

Chanzo kikishaondoka, ndiyo tuingie kwenye kidonda chenyewe.

Tawi lililovunjika ndilo jepesi kuliko yote. Kwa Acropora na jamaa zake, kuvunjika ni njia mojawapo ya kuzaana. Wimbi huvunja, kipande huangukia mahali, kikishika kinaanza ukoo mpya. Chukua kipande, kitikise ndani ya maji ya tangi lenyewe, kata ncha iliyokufa kwa koleo kali, ukaushe kitako chake kwa kitambaa, kisha ukigandishe kwenye jiwe dogo kwa supagluu ile nzito ya ute. Gundi hiyo hukauka hata majini na hailidhuru tumbawe. Cha msingi kipande kisitikisike. Kinachocheza kila wimbi hakitashika, kwa kuwa ngozi inayojaribu kutambaa inachubuliwa upya kila mara. Kikitulia, baada ya wiki mbili au tatu utaiona ngozi inaanza kupanda juu ya gundi.

Kidonda cha ngozi kinataka subira zaidi. Adui yake ni mwani. Mifupa ikibaki uchi, mwani huota hapo, na ngozi ikifika kwenye ukingo wa mwani inasimama. Ndiyo maana kidonda kidogo hupona na kikubwa hukwama: kikubwa hukawia, na mwani haukawii. Umbo pia lina neno. Mkwaruzo mrefu mwembamba hupona upesi kuliko duara lenye ukubwa ule ule, kwa kuwa una kingo nyingi za kuanzia. Mara moja kwa wiki, safisha sehemu iliyokufa kwa mswaki laini, ukae mbali na ukingo ulio hai. Kama sehemu iliyokufa ni kubwa, wengine huifunika kwa supagluu, mwani ukakosa pa kushika na ngozi ikapanda juu yake. Nimeiona ikifanya kazi. Konokono wala mwani nao ni wasaidizi wazuri, na hawadai mshahara.

Ukiona uji wa rangi ya kahawia unaoning'inia kwenye Euphyllia na unanuka vibaya, usiupulize wala kuutikisa. Vunja mwendo wa maji kwa kuzima pampu, uunyonye kwa mpira mwembamba, umwage nje, kisha umtoe mgonjwa umweke katika chombo kingine. Hapo dawa ya ayodini ina kazi yake. Iwekwe kwenye ndoo ndogo yenye maji ya tangi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, mgonjwa akae humo dakika 10 hadi 15, asuuzwe, arudi. Isimwagwe ndani ya tangi kubwa. Na tumbawe lililopauka tu, bila kidonda, usilitie ayodini. Ni kumchapa mwenye njaa.

Lililopauka linahitaji kivuli na chakula. Lishushe chini ya tangi au upunguze nguvu ya taa, kisha uirudishe kidogo kidogo kwa wiki tatu au nne. Mwanga ule ule ulioliumiza hautaliponya. Maji yapite taratibu pande zote, pampu isilipige moja kwa moja. Lisha mara mbili kwa wiki usiku, mikono ikiwa nje: vifaranga vya kamba wadogo wa artemia walioanguliwa siku hiyo ni chakula kizuri. Zima pampu dakika 15 ili kipate kushika, kisha washa. Usizidishe, kwani kisicholiwa huoza na kutoa amonia. Rangi ikirudi huanza kama vumbi jepesi la kahawia, halafu ikakolea. Inaweza kuchukua wiki sita, inaweza kuchukua miezi.

Katika muda huo wote, ondoa mkono wako majini. Nimeona matumbawe yaliyokuwa yanapona yakafa kwa kuhamishwa. Leo juu, kesho chini, keshokutwa kona ile. Kila kuhamishwa ni mwanga mpya na mwendo mpya wa maji wa kuzoea, na mgonjwa hana akiba. Piga picha kila Ijumaa kutoka mahali pale pale, ulinganishe. Jicho la kila siku linadanganya.

Hatari moja kwako wewe mwenyewe, nayo si ya kuchekewa. Wapo wale laini wanaofanana na vifungo vilivyopangana, jamii ya Palythoa. Baadhi yao wana sumu kali mno, palitoksini. Usiwakate bila glavu na miwani, na usichemshe jiwe walilootea hata kidogo. Mvuke wake umewapeleka watu wa nyumba nzima hospitali katika nchi mbalimbali, walioshika jiwe na wasiolishika. Baada ya kazi yoyote ya tangi nawa mikono mpaka viwiko, na kama una mkwaruzo acha kazi hiyo kwa mwengine.

Haya ya tangi yananifikisha nyumbani, kwa sababu tumbawe la baharini hupona kwa kanuni zile zile. Pale Shimoni na Wasini kuna vitalu chini ya maji: mabomba ya plastiki yaliyosimamishwa kama miti, vipande vya matumbawe vimening'inizwa kwa kamba, vikishakua vinapandwa kwenye mwamba. Anayeviangalia anasafisha mwani kwa brashi, anafunga kipande kisitikisike, anasubiri. Ni kazi ile ile niliyoilipwa Dubai.

Tofauti ni kwamba bahari haina kitufe cha kushusha joto. Mwaka 1998 maji yalipochemka kwa El Niño, sehemu kubwa ya matumbawe ya mwambao wetu ilikufa, na wavuvi wa rika langu wanaukumbuka ule weupe. Mwaka 2024 ukatangazwa upaukaji wa nne wa dunia nzima, na Bahari ya Hindi upande wetu haikusalimika. Maji yakizidi nyuzi moja tu juu ya joto la kawaida la mwezi wenye joto kubwa, na yakabaki hivyo wiki kadhaa, matumbawe huanza kupauka.

Kwa hiyo nasema wazi, na najua wapo watakaoudhika: kupanda vipande bila kulinda samaki ni kupamba. Katika tangi mimi ndiye niliyeshika mswaki. Baharini mswaki ni pono, kangaja na tafi, ambao hula mwani mchana kutwa, bila malipo. Ukiwamaliza kwa nyavu za kukokota na zenye macho madogo, mwani utafunika kila kidonda kabla ngozi haijafika. Kikande naye huwala wale viumbe wa mviringo wenye miiba mirefu myeusi. Akiisha kikande, wao huzidi na kuusaga mwamba wenyewe. Hilo limechunguzwa hapa hapa Kenya kwa miaka mingi. Kuruwitu kule Kilifi walifunga kipande chao cha bahari wenyewe kabla hata ya kupanda chochote, samaki wakarudi, na naona walianza panapostahili kuanzwa.

Nanga pia. Nanga moja ya mashua ya watalii ikiburutwa kwa dakika mbili inavunja Porites iliyochukua miaka mingi, maana tumbawe hilo la mviringo hukua kama sentimita moja kwa mwaka. Maboya ya kufungia yapo sehemu nyingi za hifadhi. Nahodha asiyeyatumia aulizwe na abiria wake mwenyewe.

Na wewe unayeogelea ukakuta tumbawe limepinduliwa, sehemu yenye rangi imelala kwenye mchanga: ukiwa nje ya hifadhi na kama unaweza kuligeuza bila kusimama juu ya mengine, ligeuze lilivyokuwa, ulikaze kwenye ufa wa mwamba lisiviringike, uliache. Usilipandishe hewani, hata kwa picha. Ndani ya hifadhi usiliguse, mwite askari wa hifadhi. Kisha mwambie mwenyekiti wa BMU ya ufuo huo siku hiyo hiyo, umwonyeshe mahali kwa alama za nchi kavu, kwa sababu linaloviringika likiachwa wiki mbili huwa limeshakuwa jiwe.